Picha ya Pili: Mionzi ya CT Scan na Mgonjwa wa Mbekenyera

Mjadala kuhusu saratani inayoweza kutokana na kipimo cha CT scan ulizaliwa katika nchi ambazo mashine hizo zimeenea hadi hospitali za miji midogo, na ndiyo sababu mengi yanayosemwa kuhusu jambo hilo humfikia msomaji wa Tanzania yakiwa na onyo lililokusudiwa watu wengine. Nchini Marekani, kwa mujibu wa makadirio yaliyochapishwa Aprili 2025 na watafiti walioongozwa na Rebecca Smith-Bindman wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, vipimo vipatavyo milioni 93 vilifanywa mwaka 2023 pekee kwa watu wapatao milioni 61.5, na hesabu zao zilionesha kuwa vipimo vya mwaka huo mmoja huenda vikaja kuzaa wagonjwa wapya wa saratani wapatao 103,000 katika maisha ya watu hao. Katika Kata ya Mbekenyera, wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, suala hilohilo huja na sura nyingine kabisa, kwa kuwa mtu anayehitaji kipimo hicho hulazimika kwanza kusafiri, na mara nyingi ni safari, wala si mionzi, inayoamua kama atapona.

Ngazi za tiba zinajulikana: mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya, akapelekwa hospitali ya wilaya, kisha, hali ikizidi, akapewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo, Mtwara, na yakishindikana huko akafikishwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Wapo pia wanaopitia hospitali za misheni za Nyangao na Ndanda, ambazo tangu zama za ukoloni zimekuwa tegemeo la watu wa Ruangwa, Nachingwea na Masasi. Kwa miaka mingi CT scan kwa mtu wa kusini ilikuwa na maana ya Dar es Salaam. Hali hiyo ilianza kubadilika baada ya mwaka 2021, Serikali ilipotenga sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, uliotolewa kwa ajili ya kukabiliana na UVIKO-19, kununua mashine hizo kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Kipimo kilichokuwa cha Dar es Salaam kimesogea, na kadiri kinavyosogea ndivyo maswali ya usalama wake yanavyostahili kusogea nacho.

Kwa mgonjwa wa kusini, picha ya kwanza, ikiwa imeombwa na daktari kwa sababu ya msingi, karibu kila mara ina faida inayoyazidi madhara yake kwa mbali. Inayostahili kutiliwa shaka ni picha ya pili, ile inayopigwa kwa sababu ya kwanza imeachwa nyumbani, au CD yake imekataa kufunguka, au hospitali iliyompokea mgonjwa haikuwa na habari kwamba alikwishapimwa kwingine siku chache nyuma. Picha ya namna hiyo haiongezi ujuzi wowote, lakini dozi yake ni ileile.

Ili kuelewa dozi hiyo inatoka wapi, ni vyema kuanza na mashine yenyewe. Eksirei ya kawaida, iliyotokana na ugunduzi wa Wilhelm Röntgen mjini Würzburg, Ujerumani, mwezi Novemba 1895, hupitisha mionzi mwilini kutoka upande mmoja na kuacha kivuli upande wa pili, ambapo mfupa, misuli na hewa vyote hulaliana katika bapa moja. CT scan hutumia mionzi ya aina hiyohiyo, ila chanzo chake huuzunguka mwili wa mgonjwa aliyelala kitandani, vipokezi vikapima kiasi kilichopenya kutoka kila pembe, na kompyuta ikafanya hesabu za kuuchora mwili katika vipande vyembamba kama slesi za mkate, kila kipande kikionekana peke yake. Hesabu hizo zina asili ya Kiafrika ambayo haitajwi vya kutosha: Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, alianza kuzifikiria mwaka 1956 alipokuwa akisimamia matumizi ya mionzi katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mashine yenyewe ilitengenezwa na Mwingereza Godfrey Hounsfield, na mgonjwa wa kwanza alipimwa ubongo katika Hospitali ya Atkinson Morley, London, tarehe 1 Oktoba 1971. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979.

Kwa kuwa mwili hupigwa kutoka pembe nyingi, dozi huwa kubwa kuliko ya eksirei ya kawaida. Wataalamu hutumia vipimo viwili ambavyo mara nyingi huchanganywa: grei, ambayo ni kiasi cha nishati ya mionzi kilichofyonzwa na kiungo fulani, na siverti, ambayo huzingatia pia aina ya mionzi na wepesi wa viungo mbalimbali kudhurika, ili picha ya kichwa iweze kulinganishwa na picha ya tumbo. Katika tiba ya uchunguzi kiasi kinachotumika ni kidogo, hivyo huhesabiwa kwa elfu zake, yaani miligrei na milisiverti. Picha moja ya kifua ya eksirei humpa mtu takriban milisiverti 0.1 au pungufu. CT scan ya kichwa takriban 2, ya kifua takriban 7, na ya tumbo kati ya 8 na 10. Mtu asiyewahi kukanyaga hospitali naye hupokea mionzi kutoka ardhini, angani, hewani na katika chakula, ambayo wastani wake duniani ni milisiverti 2.4 kwa mwaka. CT scan moja ya tumbo, kwa hiyo, hukusanya katika sekunde chache kile ambacho maumbile humpa mtu kwa muda wa miaka mitatu hadi minne.

Mionzi hiyo ina nguvu ya kung'oa elektroni kutoka katika atomi, na inapopita ndani ya seli inaweza kukata nyuzi za vinasaba, ambavyo ndivyo vinavyobeba maelekezo ya namna seli itakavyoishi na kujigawa. Mikato mingi hurekebishwa na seli yenyewe; seli nyingine hufa bila kuacha athari; chache hubaki hai zikiwa zimerekebishwa vibaya, na baadhi ya hizo, baada ya miaka mingi na kasoro nyingine kujiongeza juu ya ile ya kwanza, zinaweza kugeuka saratani. Saratani ya damu inaweza kujitokeza kuanzia mwaka wa pili baada ya mionzi, ilhali uvimbe wa viungo kama matiti, mapafu na utumbo kwa kawaida huchukua miaka kumi au zaidi. Mtoto yumo katika hatari kubwa kuliko mtu mzima kwa sababu zinazoeleweka: seli zake zinajigawa kwa kasi, mwili wake ni mdogo kiasi kwamba mionzi hufika kwenye viungo vya ndani bila kupunguzwa sana na nyama, na ana miaka mingi mbele yake ambamo kasoro iliyojificha inaweza kukomaa. Mzee wa miaka 75 anayepigwa picha ya ubongo kwa sababu ya kiharusi hana sababu ya maana ya kuwazia saratani ya miaka 20 ijayo.

Kiasi cha hatari hiyo kimechunguzwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuwafuatilia manusura wa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, kazi iliyoanza mwaka 1950 na kuhusisha watu wapatao 120,000, na iliyothibitisha kuwa saratani huongezeka kadiri dozi inavyoongezeka. Chini ya milisiverti 100, ambako CT scan nyingi zimo, ongezeko ni dogo mno kuonekana waziwazi kati ya saratani zote zinazotokea kwa sababu nyingine, hivyo mamlaka za kinga ya mionzi duniani zimekubaliana kuchora mstari ulionyooka kutoka dozi kubwa hadi sifuri, kwa kudhani kwamba nusu ya dozi huleta nusu ya hatari na kwamba hakuna kiwango kilicho salama kabisa. Huo ni uamuzi wa tahadhari, na wapo wanaoupinga: mwaka 2011 Chama cha Wanafizikia wa Tiba cha Marekani kilitangaza kuwa chini ya milisiverti 50 kwa kipimo kimoja hatari ni ndogo mno kugundulika na huenda haipo kabisa.

Njia ya pili ni kuwafuatilia wagonjwa wenyewe. Mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Mark Pearce wa Chuo Kikuu cha Newcastle, uliochunguza kumbukumbu za watu zaidi ya 178,000 waliopigwa CT scan nchini Uingereza kati ya 1985 na 2002 wakiwa chini ya umri wa miaka 22. Ilionekana kuwa jumla ya dozi ya miligrei 50 hivi katika uboho inaweza kuongeza mara tatu uwezekano wa saratani ya damu, na miligrei 60 hivi katika ubongo ikaongeza mara tatu uwezekano wa uvimbe wa ubongo. Maneno «mara tatu» yalisambaa upesi kuliko sehemu ya pili ya matokeo hayohayo, kwamba magonjwa hayo ni adimu sana utotoni, kiasi kwamba katika watoto 10,000 walio chini ya miaka kumi waliopigwa picha moja ya kichwa, alitarajiwa kuongezeka mgonjwa mmoja wa saratani ya damu na mmoja wa uvimbe wa ubongo katika muongo uliofuata. Wakosoaji walitoa hoja nzito: huenda baadhi ya watoto walipigwa picha kwa sababu tayari walikuwa na dalili za uvimbe, na hivyo picha ikalaumiwa kwa ugonjwa ulioitangulia. Uchambuzi uliofuata uliwaondoa watoto wa aina hiyo. Uhusiano ukapungua nguvu, lakini haukutoweka. Mwaka 2023 utafiti mkubwa zaidi, uliokusanya watu 948,174 kutoka nchi tisa za Ulaya, ulichapishwa katika jarida la Nature Medicine na kufikia hesabu inayokaribiana na ile ya awali: katika watoto 10,000 wanaopimwa kwa viwango vya dozi vya siku hizi, mmoja au wawili wanatarajiwa kupata saratani ya damu itokanayo na mionzi hiyo katika miaka 5 hadi 12 inayofuata.

Takwimu za Ulaya, hata hivyo, zina mashine za Ulaya, wataalamu wa Ulaya na mipangilio ya dozi ya Ulaya. Tanzania ina takwimu zake, na inasikitisha kuwa hazijulikani nje ya vyuo. Mwaka 2006 Justin Ngaile na Peter Msaki walichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali nane nchini, wakikadiria dozi iliyofika kwenye viungo vinavyodhurika kwa urahisi. Wastani wa dozi kwenye lenzi ya jicho katika picha ya kichwa ulikuwa miligrei 63.9, kwenye matiti katika picha ya kifua 26.1, kwenye tumbo la chakula katika picha ya tumbo 35.6; na kwenye mifuko ya mayai ya mwanamke katika picha ya nyonga 24.0. Kwa jumla viwango hivyo vilikaribiana na vya Uingereza, Japani, Ujerumani, Norwe na Uholanzi, au vilizidi kidogo, jambo linaloweza kumtuliza msomaji anayedhani kuwa mashine za Afrika ni tanuri. Jambo zito katika utafiti huo ni jingine: kwa kipimo kilekile, dozi zilitofautiana sana kati ya hospitali na hospitali, na chanzo kikubwa cha tofauti hiyo kilikuwa aina ya mashine na namna mtaalamu alivyoipanga. Maana yake ni kwamba sehemu ya dozi anayopewa mgonjwa haitokani na ugonjwa wake bali na vitufe, na vitufe vinaweza kurekebishwa bila kununua chochote.

Kuhusu watoto, mwaka 2010 timu iliyoongozwa na Wilbroad Muhogora wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, chini ya mpango wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ilitoa matokeo ya uchunguzi uliohusisha vituo 128 vya CT scan katika nchi 28 zinazoendelea za Afrika, Asia na Ulaya Mashariki. Katika vituo vya Afrika vilivyoshiriki, watoto walio chini ya miaka 15 walikuwa wastani wa asilimia 20 ya waliopimwa, ikilinganishwa na asilimia 16 barani Asia na 5 Ulaya Mashariki. Na vituo kumi na kimoja katika nchi sita vilikutwa vikiwapima watoto kwa mipangilio ya watu wazima. Uwiano huo wa watoto haushangazi, kwani Afrika ni bara la watu wenye umri mdogo, lakini kipengele cha mipangilio kinatosha kumnyima usingizi mkuu yeyote wa idara ya radiolojia. Mtoto wa miaka mitatu aliyepigwa picha kwa nguvu iliyopangwa kwa ajili ya mwanamume wa kilo 80 hapati picha bora kuliko anayostahili; anapata mionzi ya ziada tu.

Wala kosa la mipangilio si ugonjwa wa nchi maskini peke yake. Mwaka 2009 Hospitali ya Cedars-Sinai ya Los Angeles, mojawapo ya hospitali zenye sifa kubwa nchini Marekani, iligundua kuwa kwa muda wa miezi 18 wagonjwa wapatao 206 waliokuwa wakipimwa mtiririko wa damu ubongoni walikuwa wamepewa dozi takriban mara nane ya iliyokusudiwa, na dalili iliyofichua jambo hilo ilikuwa nywele za baadhi yao kunyonyoka.

Katika Ruangwa na Nachingwea, sababu inayoweza kumfikisha mtu mwenye afya, na hasa kijana, kwenye mashine hiyo ni jeraha la kichwa. Bodaboda ndizo usafiri wa vijiji vingi, kofia ngumu hazivaliwi na kila abiria, na msimu wa korosho na maembe huwapandisha watu, watoto wakiwamo, juu ya miti. Damu inayovuja ndani ya fuvu haionekani kwa eksirei ya kawaida, ambayo huonesha mfupa bila kuonesha ubongo; CT scan huionesha kwa dakika chache na kumwambia daktari wa upasuaji mahali pa kufungua. Kumcheleweshea kipimo mgonjwa aliyepoteza fahamu, anayetapika mfululizo, au ambaye mboni moja ya jicho imepanuka kuliko nyingine, kwa hofu ya hatari ya mmoja au wawili katika 10,000, ni kukimbia mvua na kuingia mtoni.

Ila si kila mtoto aliyegonga kichwa anahitaji picha. Utafiti wa Nathan Kuppermann na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009 baada ya kuchunguza watoto 42,412 waliofika hospitali za Marekani na majeraha ya kichwa, uligundua kuwa waliokuwa na jeraha la hatari ubongoni walikuwa 376 tu, pungufu ya asilimia moja, ingawa zaidi ya theluthi ya watoto wote walipigwa CT scan. Kwa mtoto aliyefikisha miaka miwili, ikiwa fahamu zake ni timamu, hakuzirai, hajatapika, hana maumivu makali ya kichwa, hana dalili za kuvunjika kitako cha fuvu, na hakupatwa na ajali kubwa, uwezekano wa jeraha la hatari ni mdogo mno kiasi kwamba kipimo hakihitajiki. Kanuni hiyo inahesabu kuanguka kutoka kimo kinachozidi mita moja na nusu kuwa ajali kubwa, na mkorosho uliokomaa unakizidi kimo hicho. Kwa mtoto wa namna hiyo asiye na dalili nyingine, watafiti hao wanapendekeza kumweka chini ya uangalizi kwa saa kadhaa kabla ya kuamua. Uangalizi ni tiba inayowezekana katika kituo cha afya, hauhitaji umeme wala mashine, na kwa familia iliyo mbali na Lindi unaweza kuokoa nauli na mionzi kwa pamoja, mradi anayeangalia anajua anachokitafuta na gari la wagonjwa linapatikana hali ikigeuka.

Ni haki pia kuipima hatari hii dhidi ya visababishi vingine vya saratani vilivyo karibu zaidi na mtu wa kusini. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani umeiweka mionzi ya eksirei katika kundi la kwanza la visababishi vilivyothibitishwa, na katika kundi hilohilo vimo virusi vya HPV, ambavyo ndivyo chanzo cha saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza nchini na ambayo chanjo yake ilianza kutolewa kwa wasichana nchi nzima mwaka 2018. Vimo virusi vya homa ya ini aina ya B. Kimo kichocho cha njia ya mkojo, kinachohusishwa na saratani ya kibofu. Na imo sumukuvu, inayozalishwa na kuvu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, na inayoshambulia ini. Karanga ni zao lenye historia ndefu Nachingwea. Mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuporomoka mwaka 1951 ulikuwa na mojawapo ya mashamba yake hapo, pamoja na reli iliyojengwa kutoka Mtwara na baadaye kung'olewa; sumukuvu yenyewe haikutambuliwa hadi miaka ya mwanzo ya 1960, baada ya vifo vya batamzinga wengi nchini Uingereza waliolishwa mashudu ya karanga. Mzazi anayehofia picha moja ya mwanawe huku ghala la nyumbani lina karanga zilizoota ukungu ameielekeza hofu yake mahali pasipo pake.

Mkanganyiko mwingine unaokwamisha tiba ni kudhani kuwa mionzi ya picha na mionzi ya tiba ni kitu kimoja. Mgonjwa wa saratani anayetibiwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, anaweza kupewa jumla ya grei 45 hadi 50 katika eneo la uvimbe, zikiwa zimegawanywa katika wiki kadhaa, kwa nia ya kuua seli. CT scan hutoa kwenye kiungo miligrei makumi kadhaa, yaani takriban sehemu moja ya elfu ya kiasi hicho. Kunyonyoka nywele, kuungua ngozi na kichefuchefu kunakosimuliwa vijijini ni habari za tiba, na hakumpati anayepigwa picha iliyopangwa sawasawa.

Kwa mama mjamzito tahadhari ina msingi wa kihistoria, kwa kuwa katika miaka ya 1950 daktari Alice Stewart wa Oxford alionesha kuwa watoto ambao mama zao walipigwa eksirei ya tumbo wakati wa ujauzito walikufa kwa saratani takriban mara mbili ya wengine. Ndiyo sababu mtaalamu huuliza kwanza kuhusu ujauzito, na ultrasaundi, isiyotumia mionzi ya aina hii, hutangulia panapowezekana. Hata hivyo CT scan ya kichwa haielekezi mionzi tumboni, na kiasi kinachomfikia mtoto ni kidogo mno. Mama aliyepata degedege la kifafa cha mimba na kupoteza fahamu hapaswi kunyimwa kipimo kwa sababu hiyo.

Sheria ipo. Sheria ya Kinga ya Mionzi ya mwaka 1983 iliunda Tume ya Taifa ya Mionzi, na Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003 ikaigeuza kuwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo huidhinisha na kukagua kila mashine ya mionzi na kupima dozi wanazopata wafanyakazi kupitia vifaa maalumu wanavyovaa kifuani. Katika mikoa ya kusini jina la tume hiyo limesikika zaidi kwa sababu ya urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, kuliko kwa sababu ya hospitali, ingawa kwa mwananchi wa kawaida uwezekano wa kukutana na mionzi katika chumba cha picha ni mkubwa kuliko wa kukutana nayo mgodini. Kuna tofauti moja katika kanuni za kimataifa ambayo wengi hawaifahamu: mfanyakazi ana kikomo cha dozi, wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka, na mwananchi ana kikomo cha milisiverti 1 kutokana na shughuli za watu wengine, lakini mgonjwa hana kikomo. Hakuwekewa kwa makusudi, kwa kuwa kumkatalia kipimo cha kuokoa maisha kwa sababu «amefikisha kiwango» kungekuwa upuuzi. Badala ya kikomo, amewekewa masharti mawili: kipimo kiwe na sababu, na dozi iwe ndogo kadiri inavyotosha kuipata picha inayosomeka.

Sharti la kwanza ndilo gumu, kwa kuwa sababu huchanganyika na fedha na pia na heshima. Hospitali iliyopewa mashine ya mamilioni inatarajiwa kuitumia. Mgonjwa aliyesafiri kutwa nzima huona amedharauliwa akirudishwa bila kupigwa picha. Daktari kijana hujilinda kwa kuagiza kila kipimo. Hakuna anayefanya ubaya, na bado idadi hupanda. Uingereza na Marekani zilifika zilipo kwa njia hiyohiyo, bila mtu yeyote kukusudia.

Lakini kwa mtu wa Mbekenyera suala linarudi kwenye picha ya pili. Anayepimwa Lindi kisha akapewa rufaa ya Muhimbili hufika huko akiwa na barua, pengine na karatasi ya majibu yenye sentensi tatu, na daktari bingwa hawezi kupanga upasuaji kwa sentensi tatu. Anahitaji picha zenyewe, na asipozipata ataagiza nyingine, tena kwa haki kabisa. Hapo mgonjwa hulipa mara mbili na kupokea mionzi mara mbili. Mifumo ya kutuma picha kwa mtandao kutoka hospitali moja hadi nyingine ndiyo dawa ya kudumu, na inapokosekana CD iliyonakiliwa, ikajaribiwa kufunguka kabla mgonjwa hajaondoka, na kuwekwa pamoja na barua ya rufaa, hufanya kazi ileile kwa gharama ndogo. Mashine za kisasa hutoa pia, mwishoni mwa kila kipimo, ukurasa wenye takwimu za dozi aliyopewa mgonjwa, ambao huhifadhiwa kompyutani pamoja na picha. Ukurasa huo ukinakiliwa kwenye CD hiyohiyo, daktari wa pili atajua mgonjwa amekwishapokea kiasi gani, na mkaguzi wa Tume ya Nguvu za Atomiki ataweza kulinganisha Lindi na Mtwara na Muhimbili kwa kipimo kilekile, kama Ngaile na Msaki walivyolazimika kufanya kwa mkono, hospitali moja baada ya nyingine.